Togwa Niliyosifiwa Bure

Matogoro, Songea
9 Machi 2025

Judica,

Marahaba, ingawa hujaniamkia. Leo ni Jumapili ya kumi tangu mbebe mabegi. Ulisimama hapa mlangoni kwangu ukasema, wiki sita tu, Mama, tunarudi. Sita zikaisha, nikasema labda wiki za Dodoma ni ndefu kuliko za kwetu. Ikaja ya saba, ya nane. Sasa sihesabu tena, nakasirika tu. Mtu akikaa mbali hivyo hata mbwa wake anamsahau, na mbwa wenu ameshahamia kwa jirani yangu Lukresia. Ukirudi itabidi mtambulishwe upya.

Anayeandika ni Mwalimu Aurelia, unayefundisha naye. Anapita hapa akitoka shule. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinisafishe. Simu siitaki. Kwenye simu wewe unalia, mimi nasema haloo, haloo, mpaka inakata. Barua hailii. Halafu barua nasomewa leo, nasomewa na kesho, neno nalikuta palepale nilipoliacha.

Kwanza nishukuru. Mumeo Kajetani amenieleza kabla hajaondoka tena na lori lake la makaa ya mawe. Amesema uboho wa Dorine umeshika ndani ya mdogo wake Noela kama mche ulioshika udongo. Miaka minane nimekanda miguu ya yule mtoto kwa maji ya moto, selimundu inamtafuna mifupa, yeye analia na mimi nalia, na kesho yake anataka kucheza. Leo naambiwa damu yake ni mpya. Nimeshukuru Mungu, nimeshukuru daktari nisiyemjua sura, nimemshukuru Dorine. Kosa langu lilikuwa hapo kwa Dorine. Sasa anatembea humu ndani kama jemadari. Nikimtuma maji ananiambia, Bibi, mimi ndiye niliyetoa uboho. Nimemwambia, uboho umetoa, miguu umebaki nayo, nenda kachote.

Kwenye mzigo huu kuna kimea cha ulezi. Nimechambua punje kwa punje, nimeloweka, nimefunika na gunia bichi siku tatu mpaka kikaota ndevu, nimeanika, nimetwanga kwa mkono wangu. Mashineni sikupeleka. Mpikie mke mwenzangu Noela togwa. Alikuwa anainywa hata siku zile mate yalikuwa yanamshinda kumeza. Damu mpya inataka kitu cha kuishika.

Niambie amekunywa kiasi gani. Usiniambie "kidogo". Sema kikombe au nusu.

Mimi mama yako,
Walburga
(dole gumba langu hilo)


Dodoma
21 Machi 2025

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Tulitoka wodini wiki tatu zilizopita, lakini daktari ametaka tukae karibu na hospitali, maana Noela anapimwa damu kila baada ya siku mbili. Tumepata chumba kimoja, kisafi, sakafu ya vigae. Nywele zake zimeisha zote. Anajiita mzee.

Mzigo umefika salama, Mama. Asante sana. Noela alipoona kitambaa chako ulichofungia alicheka. Nilipika togwa jioni ile, na kesho yake amekunywa kikombe kizima, akalamba na ukingo. Anasema hakuna togwa kama ya Bibi.

Anakusalimia wewe, Dorine na mbwa.

Mwanao,
Judica

*

Aurelia, karatasi hii ndogo ni yako peke yako. Usimsomee Mama.

Hakunywa. Hata kuionja hakuionja. Nilifungua ule mfuko mbele ya Sista Lidwina, muuguzi wetu, alipokuja kumtazama Noela, akaniuliza ni nini. Nikamweleza jinsi kimea kinavyooteshwa, kwenye unyevu na joto. Akakaa chini kabisa kwenye kitanda, akaniambia, "Mama Noela, hapo ndipo fangasi wanapopenda. Wewe na mimi tunawavuta kila siku kwenye vumbi na kwenye nafaka, damu yetu inawafukuza, hatujui hata kama walikuja. Damu ya huyu mtoto bado ni changa kuliko ya kichanga. Wakiingia kwenye pafu lake, hana wa kuwafukuza." Ndiyo maana anakunywa dawa ya kuzuia fangasi kila siku na hatakosa hata dozi moja. Ndiyo maana hatuweki maua chumbani, hatuli kilichokaa, hatupiti kwenye ujenzi.

Nilifunga ule mfuko mara mbili nikautupa. Nililia, kwa sababu namwona Mama alivyokaa kwenye mkeka anachambua. Lakini nitamwambiaje? Unajua alivyonipokea, mimi mtu wa Meru, Mlutheri, nisiyejua hata kusonga ugali wao. Kwetu na kwao ni yaleyale, chakula cha mama mkwe hakirudishwi. Kajetani naye nimemwambia vilevile, kwamba anakunywa, maana yeye kwa mama yake hafichi jambo.

Ni kikombe kimoja cha uongo tu. Kitapita.

J.


Matogoro
5 Aprili 2025

Judica mwanangu,

Aurelia amenisomea barua yako mara tatu. Ya tatu nilimwita Lukresia aje asikie pale penye "akalamba na ukingo".

Jumapili kwenye jumuiya ya kanisa nilisimama nikatoa shukrani. Watu walinipigia makofi. Nikawaambia, hospitali imefanya yake, Dorine amefanya yake, na kikombe cha kwangu kimefanya yake. Sijasema kimezidi. Nimesema na chenyewe kimo.

Kwa hiyo nimeloweka kimea kingine, debe zima. Nimekifunika kwenye kile chumba cha Noela, maana ndicho chenye joto, kimepakana na jiko. Mahindi ya akiba nayo yamo humo. Akirudi atalala hapohapo kama zamani, avute harufu ya kwao.

Kajetani amepata likizo ya Pasaka, anakuja huko. Nilimwuliza, mkeo anakula nini huko Dodoma, akasema hajui. Mwanaume hajui mkewe anakula nini. Kwa hiyo nawe nimekuwekea maharage. Ndizi za kwenu za mtori sitakutumia, siwezi kumtumia binti yangu chakula cha wagonjwa.

Asante kwa kunilelea mtoto vizuri. Najua sisemi. Leo nasema.

Walburga
(dole gumba)

*

Judica, hii ni mimi Aurelia. Mama ametoka kumfukuza kuku. Mwambie. Nimesoma ule uongo mara tatu kwa mdomo wangu, na mara ya tatu yule bibi alifunga macho kama anasikiliza Injili. Siwezi tena. Kama huwezi kumwambia, nipe ruhusa nimwambie mimi. A.


Matogoro
29 Aprili 2025

Judica,

Pasaka imepita. Kajetani alisema anakaa siku tano, leo ni ya kumi. Jana amepiga simu, amesema, "Mama, tumerudi wodini, Noela ana homa, tuombee," ikakata. Mimi nimeomba. Lakini mtu anayeomba anataka kujua anaombea nini.

Kajetani nilimpa chupa ya chai imejaa togwa, niliyoipika mwenyewe ili isikusumbue. Kama mtoto hawezi kula, mpe hiyo hata kwa kijiko.

Aurelia amechana karatasi mbili kabla ya hii. Nimemwuliza ana nini, anasema ni wino. Wino hauna kosa.

Niandikie.

Walburga
(dole gumba)


Dodoma
11 Mei 2025

Mama,

Shikamoo.

Aurelia, tafadhali soma yote. Usiruke neno.

Mama, kile kimea ulichotuma mwezi wa tatu, Noela hakukinywa. Nilikitupa siku ileile kilipofika. Sikupika. Hakulamba ukingo. Maneno yale niliyatunga mimi.

Nilikitupa kwa sababu muuguzi, Sista Lidwina, alinieleza kwamba kimea na nafaka zilizokaa vinabeba mbegu za ukungu, na kwamba mtoto aliyepandikizwa uboho hana kinga ya kuupiga. Ukungu ule ambao kwako na kwangu ni uchafu wa kufuta, kwake unaota ndani ya kifua. Nilipaswa kukuandikia hivyo. Nikaogopa utasema mkwe wangu ametupa mkono wangu. Nikaona uongo una adabu zaidi.

Sasa ngoja nikueleze Pasaka. Kajetani alifika Jumamosi asubuhi. Mimi nilikuwa dirishani kwa wafamasia nasubiri dawa ya Noela, ileile ya kuzuia fangasi. Yeye akamkuta mtoto na jirani yetu wa chumba cha pili. Akafungua chupa yako, akamwuliza, "Unataka togwa ya Bibi?" Mtoto ambaye alikuwa hajaiona miezi minne alijibu nini, Mama? Niliporudi nilimkuta ana masharubu ya ulezi, anacheka. Nusu kikombe. Nikampokonya. Kajetani akaniangalia akasema, "Si wewe uliniambia anainywa kila siku?"

Ndipo nikamweleza ukweli.

Siku ya nne homa ikapanda, akaanza kukohoa. Tukarudi wodini. Picha ya kifua ikaonyesha doa kwenye pafu la kulia. Wakamwekea dawa ya fangasi kwa dripu, nzito, ilimtetemesha kitanda kizima. Kuna siku mbili ambazo sitakuandikia.

Daktari hasemi ni togwa. Nilimwuliza mara nyingi mpaka akachoka. Amesema inaweza kuwa vumbi la nyumba inayojengwa nyuma ya tulipopanga, inaweza kuwa kitu alichovuta zamani kabla hata ya Kajetani kuja, na kwamba ukungu hauachi jina lake mlangoni. Amesema, "Togwa tusingempa. Lakini msitafute wa kumfunga." Kajetani hakuusikia huo mwisho. Amekaa kwenye benchi la nje siku kumi na saba, anakula tukimlazimisha. Hajanikaripia hata mara moja, na hilo ndilo linaloniumiza.

Leo ni siku ya nne hana homa. Jana picha imepigwa tena, doa limepungua. Ameomba chapati. Sista Lidwina alilia, akajifanya anafunga viatu.

Mwalimu mwenzangu, Aurelia, alijua tangu mwezi wa tatu. Alinisihi nikwambie. Kosa ni langu, si lake.

Sijui niombe msamaha kwa maneno gani.

Judica


Matogoro
18 Mei 2025

Judica,

Aurelia amesoma. Alipofika pale penye "nilikitupa" alitaka kukunja karatasi, nikamwambia endelea. Alipofika penye jina lake mwenyewe akashusha sauti, nikamwambia, hapo ndipo usome kwa sauti.

Nilitoka nje. Nikachuma maharage mstari mzima, hata mabichi nimeyang'oa. Nikarudi. Nina hasira, ngoja niimalize kwanza, shukrani zinakuja nyuma yake.

Kutupa kimea hukunitukana. Kunisifu ndiko ulikonitukana. Nimesimama mbele ya jumuiya nzima kushukuru kwa kikombe kilichokuwa jalalani. Lakini hilo ni la aibu tu, aibu haiui. Linaloniuma ni hili. Mlikaa wawili, walimu, na vyeti vyenu, mkakubaliana kwamba mimi nisiyejua a wala be sitaelewa. Mlidhani nitaelewa nini, ukungu? Nani anaujua ukungu kuliko mimi? Nachambua mahindi yaliyooza tangu sijaota meno ya pili. Najua ukungu mweusi, najua wa kijani, najua ule unaofanana na vumbi la chaki ambao hauonekani mpaka upulize. Kuku akila mahindi yenye ukungu anakufa na sijahitaji mwalimu kuniambia kwa nini. Ungeandika mstari mmoja: Mama, kimea kina ukungu na mtoto hana kinga. Ningeelewa kabla Aurelia hajafika kwenye nukta.

Aurelia, usipunguze. Andika.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata mumeo halijui. Kajetani alizaliwa kabla ya miezi, nilimzaa wa miezi saba, alienea kwenye kibuyu kilichokatwa. Mkunga akaniambia, huyu asiguswe na mtu siku arobaini. Siku ya tisa akaja mama mkwe wangu na uji wa dawa, ametembea kutoka Peramiho kwa miguu. Kwa heshima yetu mkwe hazungumzi na mama mkwe akisimama, na chakula chake unapokea kwa mikono miwili ukipiga magoti. Mimi nilisimama mlangoni, mikono yote miwili nimeshika mwimo, nikamwambia, Mama, huingii. Na uji sitaki. Nilikuwa na miaka kumi na saba.

Aliumwaga ule uji miguuni pangu akaondoka. Mwaka mzima alininunia. Ukoo mzima uliniita mchawi. Mtoto akaishi. Ndiye huyo aliyekaa kwenye benchi siku kumi na saba.

Ndiyo maana nasema ulipaswa kunijua. Lakini ningejulikanaje? Sikukusimulia. Nilikuacha uniogope, kwa sababu kuogopwa kuna utamu wake kwa mzee. Hapo nami nimo kwenye kosa. Na ile togwa ya kwenye chupa niliipika mimi, nikaifunga mimi, hakuna aliyenituma. Kama doa lile lina jina langu, Mungu analiona, mimi nitalibeba. Mwambie Kajetani aondoke kwenye benchi. Mwambie mama yake amesema hilo si lake kulikalia, alimpa mtoto alichoambiwa ni chakula. Aje arudi kazini.

Hasira imeisha. Sasa nashukuru.

Asante kwa mkono wako uliotupa kimea. Kama usingekitupa angekinywa miezi miwili, si nusu kikombe. Asante kwa zile siku mbili ambazo hutaziandika. Najua ulikuwa umesimama, kwa sababu mimi nilishasimama. Mshukuru Sista Lidwina, mwambie bibi mmoja wa Matogoro asiyejua kusoma amemwekea jogoo, hatapikiwa mtu mwingine. Mshukuru daktari kwa kutotafuta wa kumfunga.

Sasa mwulize Sista haya, na unijibu kila moja, hata la kijinga:

Mahindi yakikaa chumba kingine, vumbi linavuka ukuta? Moshi wa kuni je? Kuku wakilala jikoni? Paka wa Lukresia? Ukuta wa chumba chake una baridi chini, rangi inabanduka, huo ni ukungu au ni umri? Mimi nikitoka shamba na udongo kwenye kanga, naweza kumshika? Maua ya kanisani? Na kwetu mtu akirudi kutoka kwenye kifo, mkubwa wa nyumba anampulizia unga wa ulezi kichwani. Hilo nalijua jibu lake, lakini mwulize tu, ili nikiulizwa na ukoo niseme ni Sista.

Walburga
(dole gumba, nimelikandamiza)


Dodoma
8 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Nimesoma barua yako ndani ya choo cha wodi ili Noela asinione. Kajetani nilimpa akaisome mwenyewe. Alisoma pale pa mama mkwe wako na uji, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Kesho yake asubuhi alipanda basi. Nadhani umeshamwona.

Sista Lidwina alisoma maswali yako akaniambia, "Huyu mama angekuja kunisaidia kufundisha wazazi." Nimekuandikia majibu yake kama alivyosema.

Mahindi yasiwe ndani ya nyumba anayolala, kabisa. Moshi wa kuni si ukungu, lakini pafu lake limechoka, kwa hiyo akae mbali na jiko. Kuku watoke. Paka wa Lukresia abaki kwa Lukresia. Ukuta unaobanduka chini ni ukungu. Ukwanguliwe, upigwe lipu upya, na ukauke kabisa wiki nyingi kabla hajafika, kwa sababu vumbi la kukwangua lenyewe ni baya kuliko ukuta. Kufagia kwa ufagio mkavu hapana, mpige deki. Wewe ukitoka shamba, uvue nje, uoge, ndipo umshike. Maua yabaki kanisani, na yeye kanisani bado. Akiwa kwenye watu wengi atavaa barakoa. Chakula kipikwe siku ileile kiliwe kikiwa cha moto, kisilale. Na unga wa kichwani, Sista amesema hapana, na amekubali kubeba lawama ya ukoo.

Dawa ya fangasi ataendelea nayo miezi mingi. Hiyo ndiyo ulinzi wenyewe, haya mengine ni kuipunguzia kazi.

Daktari amesema jambo ambalo sikuthubutu kuuliza. Damu ikiendelea hivi, na nyumba ikiwa tayari, mwisho wa Agosti tunaweza kuja Songea wiki mbili, kisha turudi kliniki. Mama, akasema, "nyumba ikiwa tayari." Nikamwambia, "Wewe humjui huyo mwenye nyumba."

Nakushukuru. Ulinikaripia kama binti wa kumzaa, si kama mgeni. Miaka kumi na nne nilikuwa nalingojea hilo.

Judica

*

BIBI SHIKAMOO. MIMI NI NOELA. NINA KIPARA LAKINI NYWELE ZINAOTA LAINI. MAMA AMESEMA NILIKUWA NAUMWA KIFUA SASA SIUMWI. SINDANO NIMEHESABU 61 HALAFU NIKAACHA. SISTA LIDWINA ANASEMA WEWE NI MKALI. NIMEMWAMBIA UKALI WAKO NI WA MDOMO TU. DORINE ASIVAE GAUNI LANGU LA NJANO. MKE MWENZIO NOELA


Matogoro
20 Julai 2025

Judica binti yangu,

Mke mwenzangu anasema ukali wangu ni wa mdomo tu. Atakapofika nitamwonyesha. Gauni la njano limeshavaliwa, halimwenei Dorine tena, limefuliwa na limeanikwa juani.

Nyumba nikwambie. Mahindi ya zamani yametoka yote, mapya hayajaingia na hayataingia. Lukresia amenipa stoo yake, na kupukuchua tutapukuchulia kwake, upande wa pili kabisa, upepo ukivuma unaelekea kwa mwenyekiti wa mtaa. Ameshalalamika. Nimemwambia alete malalamiko yake kwa maandishi, mimi sisomi.

Ukuta Kajetani ameukwangua mwenyewe, kitambaa puani, mwezi wa sita mwishoni. Lipu imekauka, nimeigusa na shavu kila asubuhi, shavu halidanganyi. Chini ya ile rangi, Judica, kulikuwa kweusi kama sufuria. Mtoto amelala kichwa chake hapo miaka minane. Nilikaa kwenye kinu nikautazama huo weusi muda mrefu. Lile debe la kimea nilishalimwaga shimoni tangu siku ile Aurelia aliponisomea. Kuku wana banda lao. Jogoo wa Sista Lidwina yupo, ananenepa, hajui.

Kwenye jumuiya nilisimama tena. Ilikuwa vigumu kuliko mara ya kwanza. Nikasema, ndugu zangu, ile shukrani ya togwa naifuta. Mkwe wangu aliitupa, na alifanya vema. Wakaguna. Mzee mmoja akasema, siku hizi wakwe hawana adabu. Nikamwuliza, wewe una wajukuu wangapi? Akasema tisa. Nikamwuliza, waliozikwa je? Akakaa chini. Halafu nikawaeleza habari za ukungu, kwa sababu mle ndani kuna mama ana mtoto wa saratani ya damu anatibiwa, na alikuwa ameanza kumpa kimea kwa ushuhuda wangu. Kwa ushuhuda wangu mimi, Judica. Alikuja baadaye akanishika mikono. Anakwenda kuwauliza madaktari wake mwenyewe, nimemwambia asinisikilize mimi, aulize.

Aurelia nimemsamehe, lakini adhabu anayo. Kila Jumapili baada ya misa ananisomea yale majibu ya Sista tangu mwanzo mpaka mwisho, na mimi narudia, na nikikosea tunaanza upya. Sasa nayajua kuliko sala ya Nasadiki. Juzi alisahau pa paka, nikamkumbusha mimi.

Sikujua shukrani inaweza kuchosha mwili namna hii. Nalala nimechoka kama niliyelima, na sikulima, nilipiga deki. Nashukuru kwa Dorine, usimwambie nimerudia. Nashukuru kwa dawa hiyo ya kila siku nisiyoijua jina, anayeitengeneza mahali alipo Mungu amlinde. Nashukuru kwa Kajetani aliyetoka kwenye benchi. Nakushukuru wewe, mtu wa Meru. Niliyokupa miaka kumi na nne yalikuwa machache, na mengi yalikuwa maneno.

Sasa sikiliza, utakapokuja.

Msiteremke na mtoto kwenye kishindo cha stendi. Kajetani atawafuata na gari lililofungwa vioo, mtoto na barakoa yake. Mtanikuta nje nimeoga, nimevaa kanga safi. Mtoto ataingia moja kwa moja chumbani kwake kupumzika. Wewe utabaki na mimi kwenye baraza.

Nitakuwa nimekuandalia chakula, cha wewe, cha moto, chenye nazi, unachokipenda. Nitakukaribisha mara moja, nitakukaribisha mara ya pili, ya tatu nitakubembeleza, na nitasema nimeamka tangu alfajiri kwa ajili yako. Nitafanya uso wangu ule. Usiseme umeshiba. Usiseme baadaye, Mama. Usipokee ukaenda kumwaga nyuma ya nyumba. Simama hapo, shika mwimo kwa mikono miwili kama nilivyoshika mimi, uniangalie machoni, useme, Mama, sitaki.

Ukishasema, mimi nitakusogezea kiti, na chakula utakula.

Mama yako,
Walburga
(dole gumba)